Kliniki wanaenda, kijitabu wanacho, lakini mtoto hakui: nitawaambia nini wazazi?

Mwalimu wa chekechea, Nyalenda (Kisumu)

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa chekechea katika mtaa wa Nyalenda, jijini Kisumu. Kamati ya wazazi imeniomba niandae mazungumzo kuhusu chakula na makuzi ya watoto kabla ya muhula kufungwa, na kabla sijasimama mbele yao ningependa kusikia maoni ya watu wanaolijua jambo hili kuniliko.

Darasani mwangu wamo watoto wa miaka minne ambao ukiwasimamisha kando ya wenzao wa miaka mitatu huoni tofauti ya kimo. Si wembamba, na wengine mashavu yao yamejaa, ndiyo maana wazazi wao hawana wasiwasi wowote. Husema mtoto amerithi ufupi wa babake. Hata hivyo baadhi yao bado hawajaweza kuunganisha sentensi, hushindwa kufuata maagizo mawili yanayofuatana, na ikifika saa nne asubuhi wameshalaza vichwa mezani. Wengi huja wakiwa wamekunywa chai ya rangi kwa andazi, na wapo wanaokuja bila kutia chochote tumboni.

Kinachonitatiza ni kwamba karibu wote walipelekwa kliniki. Siku ya kuandikishwa wazazi huleta kijitabu cha afya ya mama na mtoto, nami huona chanjo zimejazwa na vitone vya uzito vimetiwa kwenye mchoro. Nikiuliza mchoro huo unasema nini, hujibiwa kwamba daktari ndiye anayejua. Mama mmoja alinifungulia kijitabu cha mwanawe: vitone vilipanda vizuri hadi mwezi wa sita, kisha vikalala msitari mmoja hadi karibu mwaka mzima. Pembeni paliandikwa maneno mafupi ya Kiingereza, na mama huyo, ambaye aliacha shule akiwa darasa la sita, anakumbuka kuambiwa tarehe ya kurudi tu.

Najua kwamba nchi imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali mwaka 2014 walikuwa asilimia 26. Lakini walimu wenzangu wamegawanyika kuhusu hawa tulio nao. Wako wanaosema shida ni wazazi kutojua, na wako wanaosema shida ni kodi ya nyumba na bei ya unga, kwa hiyo mafundisho ni kuwapotezea watu muda. Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, mama anayefua nguo za watu ili apate chakula cha jioni nimwambie nini ambacho anaweza kukitenda wiki hii hii? Pili, kwa mtoto ambaye tayari ana miaka minne, je, tumeshachelewa?

---

Muuguzi wa kliniki ya watoto, Nakuru

Mwalimu, pokea salamu kutoka Nakuru. Nakushauri uanzie pale pale kwenye ule mchoro, kwa kuwa wazazi tayari wanao mikononi na hautawagharimu kitu.

Mchoro unaojazwa kila mwezi hulinganisha uzito wa mtoto na umri wake. Waeleze wazazi kwamba tunachofuata zaidi ni mwelekeo wa vitone. Mtoto anaweza kuwa mdogo tangu kuzaliwa lakini vitone vyake vikapanda sambamba na misitari iliyochapishwa, na huyo anaendelea vyema. Mwingine anaweza kuwa bado yumo katikati ya misitari, mnene wa kupendeza, lakini vitone vyake vimelala kwa miezi miwili au mitatu. Huyo wa pili ndiye anayehitaji kushughulikiwa mapema, na mama ana haki ya kuuliza: "Mbona mwanangu hajapanda?" Ukifaulu kuwafundisha wazazi swali hilo moja, walizoee hadi waweze kuliuliza bila woga mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe, utakuwa umefanya kazi kubwa.

Udumavu wenyewe ni kimo kilichobaki nyuma ya umri, na uliyosema kuhusu mashavu ni kweli kabisa: hauonekani kwa macho mpaka mtoto apimwe urefu na kulinganishwa na umri wake. Huanza tangu mimba, na sehemu kubwa hutokea kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili, katika zile siku 1,000 za kwanza zinazohesabiwa tangu mimba.

Kwamba mama hakuelezwa, hilo lisigeuzwe kuwa lawama juu yake. Foleni ni ndefu, mtoto anapimwa mlangoni, anatiwa kitone, anadungwa sindano, mwingine anaitwa. Uelewa wa mambo ya afya hautegemei tu kisomo cha anayeambiwa. Unategemea pia jinsi anayesema anavyosema, na kama amehakikisha ameeleweka. Kumwambia mama "mpe mtoto lishe bora" ni kumpa maneno ambayo hawezi kuyatia kwenye sufuria. Mimi humwuliza mama kabla hajainuka: "Kesho asubuhi utampikia nini, na utampikiaje?" Akinieleza kwa maneno yake ndipo ninapojua tumeelewana.

Sasa, huo mwezi wa sita ambapo vitone vililala si jambo la bahati. Hadi hapo maziwa ya mama pekee yanatosha, hata maji hayahitajiki. Kufikia miezi sita akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huwa inakwisha na mahitaji yake yanapita kile maziwa yanachoweza kutoa, na katika nyumba nyingi kinachoingia wakati huo ni uji mwepesi wa mahindi. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo sana. Hujaa upesi kwa maji ya uji, akaacha kulia, na mama akaamini ameshiba.

Kwa hiyo nenda na sufuria kwenye mkutano wako, mwalimu. Pika uji wa aina mbili mbele yao. Chota kwa kijiko na ukiinamishe: ule mwepesi humwagika mara moja kama chai, ule unaofaa hung'ang'ania kijiko na kuanguka taratibu kwa vipande. Waonje, washike. Kisha onyesha kinachoongezwa: kijiko cha njugu karanga zilizosagwa, au omena, yaani dagaa wa ziwani. Kisumu mna bahati ya omena. Ikichambuliwa vizuri, ikakaangwa kavu na kusagwa pamoja na mifupa yake laini, humpa mtoto protini, chuma, zinki na kalisi kwa bei iliyo chini ya nyama. Iwekwe kwenye mkebe wake mkavu wenye kifuniko na kuongezwa uji unapoiva. Ikichanganywa na unga wa mwezi mzima mafuta yake huchacha na unga wote ukaharibika.

Hapo pia kuna imani moja ambayo naiona sana, kwamba unga wa uji wenye vitu saba au vinane ndio bora. Mama anajinyima ili anunue mchanganyiko huo, na mara nyingi ndani yake mna soya mbichi, ambayo huzuia mwili kuyeyusha protini, au njugu zilizoota ukungu, ambazo ni sumu. Unga wa wimbi peke yake, kitu kimoja cha protini kikiongezwa wakati wa kupika, unatosha. Na ile chai ya rangi iondolewe kwenye mlo wa mtoto, kwa kuwa huzuia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye mboga na nafaka.

---

Mhudumu wa afya ya jamii, Vihiga

Dada Muuguzi amenena vyema, nami sipingi hata moja katika aliyoyasema. Naongeza tu yanayotokea mama akishavuka lango la kliniki, maana mimi kazi yangu ni nyumba kwa nyumba na huko ndiko mashauri mengi yanakokwama.

Mara nyingi anayefundishwa siye anayelisha. Mama anatoka alfajiri kwenda kuchuma majani chai ya watu au kuuza sokoni, na mtoto anabaki na nyanya yake, au na dadake wa miaka tisa, au kwa jirani anayelea watoto kumi kwa malipo kidogo. Ukimfundisha mama kupika uji mzito na nyanya hakuwepo, jioni nyanya ataongeza maji kwa sababu ndivyo alivyowalea wanawe wote. Kwa hiyo mwalimu, waalike nyanya, na walezi wa mitaani waalikwe pia. Waalike na akina baba, hasa kwa habari ya mayai. Katika boma nyingi ninazozitembelea kuku wapo na wanataga, lakini mayai huuzwa ili kununua sabuni na mafuta ya taa, na mama hana ruhusa ya kumvunjia mtoto hata moja kabla baba hajasema. Hapo mama hakosi elimu, anakosa kauli.

Kuhusu mabishano ya walimu wenzako, kuna jambo lililofanyika huku kwetu linaloweza kuwasaidia. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata zaidi ya wanawake wajawazito 8,000 na watoto wao katika kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga. Baadhi ya vijiji vilipewa dawa ya kutibu maji, vingine vyoo vilivyoboreshwa, vingine vifaa vya kunawia mikono, na vingine vikapewa ushauri wa lishe pamoja na chakula cha ziada kilichotiwa virutubisho kwa watoto wa miezi 6 hadi 24. Waliopata lishe, peke yake au pamoja na hayo mengine, waliwazidi wenzao kimo kwa kiasi kidogo. Waliopata maji, vyoo na kunawa mikono pekee hawakuwazidi. Angalia basi: ushauri ulikuja na chakula mkononi, na hata hivyo faida ilikuwa ndogo. Vyoo na maji safi ni haki ya kila mtu na ninaendelea kuvihimiza, lakini anayewaahidi wazazi kwamba mtoto atarefuka kwa kunawa mikono tu anawadanganya.

Sikubaliani hata kidogo na wanaosema kwamba kumfundisha maskini ni kumpotezea muda. Mwenye nacho akikosea wiki hii, wiki ijayo atanunua maziwa, atampeleka mtoto kwa daktari wa kulipia, na kosa litafidiwa. Asiye nacho hana nafasi ya kukosea. Shilingi chache alizonazo zikienda kwenye juisi ya rangi au glukosi ya pakiti kwa sababu tangazo la redio limesema ina vitamini, siku hiyo hakuna omena. Huyo ndiye anayestahili maelezo yaliyo wazi kuliko wote, na ndiye anayepewa maelezo mafupi kuliko wote, kwa sababu huja kliniki amechelewa, anaona haya ya nguo zake, na hathubutu kuuliza mara ya pili. Katiba yetu, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi na huduma ya afya. Naisoma kwamba haki hiyo ni pamoja na mamake kuelezwa kwa lugha anayoisikia.

Jambo dogo la mwisho: waulize wazazi wanapata wapi unga. Tangu mwaka 2012 sheria inataka unga wa mahindi unaouzwa kwa pakiti uongezwe madini na vitamini, lakini wanaopeleka mahindi yao kwenye kinu cha mtaani hawafikiwi na sheria hiyo. Wasiukimbie unga wa kinu, kwa kuwa usipokobolewa una mema yake. Ila mboga za majani, kama vile saga, mnavu na kunde, zisikosekane mezani. Na wasikose matone ya vitamini A kila miezi sita, ambayo hutolewa bure tangu miezi sita mpaka miaka mitano.

---

Mkufunzi wa walimu wa chekechea, Kakamega

Mwalimu, ngoja nijibu lile swali la pili, kwa kuwa naona limeachwa.

Kimo kilichopotea katika miaka miwili ya kwanza huwa vigumu kukirudisha chote. Lakini kimo na akili havifuati njia moja tu, na hapo ndipo ulipo na kazi ya kufanya. Mjini Kingston, Jamaica, kati ya mwaka 1986 na 1987, walichaguliwa watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa maskini. Baadhi walipewa maziwa maalumu kila wiki kwa miaka miwili. Wengine walitembelewa nyumbani kila wiki na wahudumu wa afya wa kawaida, wasio na shahada, ambao walimwonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto, kuzungumza naye, kumtajia majina ya vitu na kumsifu anapojaribu, wakitumia vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono. Wengine walipata yote mawili, na wengine hawakupata. Miaka 20 baadaye, wale waliotembelewa walikuwa wakipata mapato yaliyozidi ya wenzao waliodumaa kwa asilimia 25. Faida ya maziwa pekee haikudumu kufikia umri huo.

Watoto hao walikuwa wadogo kuliko wako, na sitaki usome habari hii kana kwamba chakula si kitu. Mtoto mwenye njaa hachezi. Ila inatuonyesha kwamba umaskini huwapunguzia watoto maneno pia. Mama aliyechoka hufika nyumbani giza limeingia, anapika kimya, mtoto analala. Waambie wazazi wazungumze naye kwa Kidholuo au lugha yoyote wanayoijua vizuri, wakati wa kuchambua omena, wa kuosha vyombo, wa kutembea kwenda dukani: hii ni nini, ile iko wapi, nani amekuja. Wako wazazi wanaojinyamazia nyumbani kwa sababu wanaona Kiingereza chao hakitoshi, wakidhani lugha yao itamchelewesha mtoto darasani. Sivyo. Msamiati alioupata kwa lugha ya nyumbani ndio atakaoujengea hizo lugha nyingine.

Halafu usikimbilie kusema kila anayechelewa kuongea ni mdumavu. Wengine wana masikio yaliyowahi kutoa usaha na hawasikii vizuri, nao wapelekwe wapimwe usikivu. Na wale wanaolala saa nne wapimwe damu, kwa kuwa huko kwenu ziwani malaria ya mara kwa mara pamoja na ukosefu wa chuma huwaacha na damu pungufu, na mtoto wa namna hiyo hawezi kukaza fikira hata umfundishe kwa ustadi gani. Kama shule inaweza kupata uji wa saa nne, hata kwa mchango wa unga kutoka kwa wazazi wenyewe, uwe mzito jinsi Muuguzi alivyoeleza.

---

Mwalimu wa chekechea, Nyalenda (Kisumu)

Nawashukuru sana nyote. Nimeamua mkutano uwe wa sufuria na vijitabu, hotuba iwe fupi, na barua ya mwaliko nitaiandika kwa Kidholuo na Kiswahili nikiwataja nyanya na akina baba. Nitamwomba pia mhudumu wa afya ya jamii wa eneo letu awepo na ule utepe wa kupimia mkono, unaoonyesha kwa rangi kama mtoto amekonda mno.

Nina swali moja ambalo haliwezi kungoja mkutano. Kuna msichana wa miaka mitatu na nusu ambaye tangu juzi naona miguu yake yote miwili imevimba, nywele zimekuwa nyepesi na za rangi ya wekundu, na hataki kucheza. Nyanya yake anasema ni chira, yaani kuna mwiko uliovunjwa nyumbani, na anapanga kumpeleka kijijini akapewe manyasi, yaani dawa ya mitishamba. Ni mama mzee anayeheshimika sana mtaani na mimi ni mdogo kwake kwa umri. Nimkabilije bila kumvunjia heshima?

---

Muuguzi wa kliniki ya watoto, Nakuru

Mwalimu, huyo aende hospitali leo, usingoje kesho. Bonyeza sehemu ya juu ya kila mguu kwa kidole gumba ukihesabu hadi tatu kisha uachilie. Kikibaki kishimo kwenye miguu yote miwili, hiyo ni dalili ya utapiamlo mkali, hata kama utepe wa mkono utaonyesha kijani, rangi ya salama. Usipoteze muda kwa utepe.

Kwa nyanya, usibishane naye habari ya chira. Mwamkie kwa heshima yake, keti, na umwambie kwamba umeona anavyompenda mjukuu wake na kwamba unamwomba ruhusa mtoto aonwe hospitali kwanza, kwa kuwa uvimbe huu unaweza kumwua ndani ya siku chache, na mambo ya nyumbani yatazungumzwa atakaporudi. Mwombe yeye mwenyewe amsindikize. Mzee akishirikishwa hivyo mara nyingi hukubali, na huko wodini atasikia maelezo kwa masikio yake.

Wasimpe manyasi, na pia wasijaribu kumfidia njiani kwa kumshindilia mayai na nyama, kwa sababu mwili uliofika hapo haustahimili chakula kizito cha ghafla. Hospitali ina maziwa maalumu ya kuanzia na baadaye chakula cha pakiti kilichotengenezwa kwa njugu. Mfunike asipate baridi na aendelee kunywa kidogo kidogo. Kama nauli ndiyo kikwazo, mpigie mhudumu wa afya ya jamii awaandikie barua ya rufaa na afuatane nao. Ndugu zake walio chini ya miaka mitano nao wapimwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa wanakula chungu kimoja.